Nyumbani kwako ni ugenini kwa mwanao

SEHEMU YA 1: Simu ya usiku

Leo sianzi na ratiba ya chanjo wala uji wa lishe. Naanza na kosa langu mwenyewe. Nimelibeba tangu mwaka juzi na kila Desemba ikifika linanikaba.

Mdogo wangu anasoma Ujerumani. Katika ukoo wetu ni yeye peke yake aliyefika kwenye udaktari wa falsafa. Mimi ni nesi wa diploma, niko wodi ya watoto hapa Dar, na kazi yangu naipenda. Masomo yake yanahusu korosho, ila siyo mti wenyewe. Yeye anaangalia wanawake wa shambani: nani anapalilia, nani anaokota, na hela ya mnada ikitoka inaingia kwenye akaunti yenye jina la nani. Kwa ajili hiyo akapewa miezi mitano ya kuja kukusanya taarifa huku. Na huku penyewe ni kwetu, Masasi. Hebu fikirieni raha hiyo: unasomea Ulaya, halafu unalipiwa tiketi ya kurudi kwa mama yako mzazi.

Akaja mwanzoni mwa Novemba, msimu wa korosho umechanganya. Akaja na binti yake wa miaka miwili na miezi minne. Mtoto kazaliwa kule, hajawahi kukanyaga udongo wa huku. Baba yake alibaki kazini. Bibi mtu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Siku mbili tu mtoto anafukuzana na kuku, anakula mabibo mpaka nguo zote zina madoa yasiyotoka. Kila aliyepita alisema, "Huyu kafika kwao."

Wiki ya nne niko zamu ya usiku, simu inaita.

"Dada, mtoto anachemka."

Nikamuuliza, anakula? Kidogo. Anakunywa? Anakunywa. Anakohoa? Mafua kidogo. Basi mimi, nesi mwenye miaka yangu kumi na mbili ya wodini, nikamjibu hivi: "Hilo ni joto tu linamshangaza. Mpe parasetamo, mpanguse na kitambaa cha maji, asubuhi utamkuta anacheza. Mtoto wa Ulaya huyo. Atazoea."

Atazoea. Naomba mlishike hilo neno, tutalirudia.

SEHEMU YA 2: Siku ya tatu

Kesho yake homa ilishuka. Mdogo wangu akanitumia picha, mtoto kakaa kwenye mkeka anakula chapati. Nikamjibu na kidole gumba. Jioni homa ikarudi. Hakunipigia, kwa sababu dada nesi alishasema ni joto.

Siku ya tatu alfajiri mtoto akakakamaa. Macho yakageuka, mikono ikaanza kurusha. Mliokulia kijijini mnajua neno linalofuata: degedege. Na mnajua pia kinachofuata. Mama yetu, kwa mapenzi yake yote, akaagiza vitu vya kufukiza. Jirani akaleta kijiko cha kumtia mtoto mdomoni. Mdogo wangu anasema wakati ule elimu yote ilimtoka kichwani, akabaki mama tu, kasimama na kanga mkononi.

Aliyewaokoa ni kaka yetu. Akawasha pikipiki, mdogo wangu akapanda nyuma na mtoto kifuani, mpaka hospitali. Kipimo kile cha haraka cha kidole kikaonyesha mistari miwili. Malaria. Na ilikuwa imeshakuwa malaria kali: sukari chini, mtoto anapumua kwa shida, wingi wa damu 4.6. Wakamwanzishia sindano ya artesunate, wakamtundikia glukosi, wakaomba damu. Mjomba mtu akatoa.

Mimi nikapanda basi kwenda Masasi siku hiyo hiyo. Njia nzima nilikuwa nahesabu masaa kama tunavyohesabu wodini: sindano ya kwanza, ya pili baada ya masaa 12, ya tatu baada ya masaa 24. Nilipofika ilikuwa imeshapigwa ya pili. Mtoto alikuwa amelala, kope zake nyeupe kama karatasi. Mdogo wangu aliniangalia, hakusema neno. Angenitukana ningepata nafuu.

Mtoto alipona. Nimewaambia mapema ili msome yaliyobaki bila presha. Lakini kati ya siku ile ya simu na siku ya degedege kulikuwa na siku mbili nzima ambazo kipimo cha kidole kingemaliza mambo kwa vidonge vya mseto, nyumbani, bila damu ya mjomba.

Mama yeyote nisiyemjua angenipigia usiku ule na kusema "mtoto wangu ana homa, tuko Masasi", ningemjibu kabla hajamaliza: kapime. Huyu nilimwambia atazoea. Nilichoshindwa kuona ni nini? Nilisikia neno "nyumbani", akili ya kinesi ikalala.

SEHEMU YA 3: Damu haijui ukoo

Sasa niwaeleze, kwa sababu hili wasomi wengi hawalijui na manesi wengine tunalisahau.

Sisi tuliokulia Masasi, Muheza, Geita, Kigoma, tuling'atwa na mbu tangu tuko mgongoni. Tuliugua utotoni mara nyingi, na waliopona miili yao ilijifunza kupambana na kile kimelea. Hatukuwa na kinga kamili, ila ukiwa mtu mzima malaria inakulaza siku mbili, unakunywa mseto, unaendelea. Kinga hiyo ililipiwa. Iliwagharimu wadogo zetu wengi ambao hawakufika shule. Mpaka leo katika Afrika, takriban robo tatu ya wanaokufa kwa malaria ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Kinga hiyo ina mambo mawili. La kwanza, hairithiwi moja kwa moja. Mtoto mchanga anapata kidogo kutoka kwa mama kwa miezi michache ya mwanzo, basi. Aliyezaliwa Hamburg au London, awe na jina la bibi yake, awe anaongea Kimakua, mbele ya mbu wa Masasi ni sawa na mtoto wa Kizungu kabisa. La pili, ukikaa miaka mbali na mbu, kinga yako wewe mtu mzima nayo inapungua. Kwa hiyo wewe uliyekaa miaka sita Ulaya ukasema "mimi nimekulia malaria", unamzungumzia mtu ambaye hayupo tena.

Cha ajabu, mtalii anayekuja kupanda Kilimanjaro anajilinda kuliko sisi. Yeye anameza dawa za kinga, anajipaka dawa ya mbu, analala ndani ya chandarua. Sisi tunaorudi kwetu tunaona aibu. Mdogo wangu aliandikiwa dawa za kinga kabla ya safari, za kwake na za mtoto. Akapiga hesabu ya miezi mitano, akaona bei, akasema moyoni: hela yote hii ili nikamtembelee mama yangu? Akaziacha. Chandarua kilikuwepo, ila mtoto alilala na bibi, na bibi chandarua kinambana pumzi, hukipandisha usiku.

Simlaumu bibi. Mgeni ndiye huulizwa amelalaje. Mtoto wa nyumbani hakuna anayemuuliza.

SEHEMU YA 4: "Si angemwacha?"

Niliposimulia hili mara ya kwanza kwenye kikundi chetu cha akina mama, maoni yalinitoa machozi. "Msomi gani anaburuza mtoto porini kwa ajili ya cheti?" "Si angemwacha kwa baba yake?" "Tamaa ya elimu hiyo." Sasa leo nasema msimamo wangu wazi, mwenye kununa anune.

Alifanya sawa kuja na mtoto.

Mtoto wa miaka miwili kutengana na mama yake miezi mitano siyo jambo dogo. Nimewaona wodini watoto walioachwa, wanaogoma kula, wanaorudi kukojoa kitandani. Na mtoto huyu alimjua bibi yake, alishika mikono ya babu yake, alijifunza kusema "shikamoo" kwa mtu wa kweli na siyo kwenye simu. Hayo hayanunuliwi. Tena kuna jambo mmelipita wote: hakuna hata mmoja aliyeuliza baba alikuwa wapi. Angekuwa baba ndiye anafanya utafiti, angeacha mtoto kwa mama yake miezi mitano na tungesema "mume mpambanaji".

Kosa lilikuwa kuja na mtoto bila kumhesabu. Na hapo hakukosea peke yake. Mdogo wangu alinionyesha bajeti yake ya utafiti. Kulikuwa na kinasa sauti, posho ya msaidizi, mafuta ya pikipiki, soda za washiriki, hata bando la intaneti. Mtoto hakuwepo. Dawa zake za kinga, bima yake ya safari, mtu wa kumwangalia mama akiwa shambani, hakuna. Kana kwamba watafiti wote hawana watoto, au wana wake nyumbani wa kuwalelea. Basi hayo yote yakaangukia kwenye mfuko wa mwanafunzi, na mwanafunzi akakata pale palipoonekana panakatika: kwenye dawa za "nyumbani".

Ndiyo maana nasema, wewe unayejiandaa kuja kwa utafiti, Mtanzania, Mkenya, Mkongo, popote kwenye mbu: mwandike mtoto kwenye maombi yako ya fedha. Usione haya. Wakikataa, wakatae kwa maandishi. Na wewe mume unayebaki, fungua pochi. Dawa za kinga ni matunzo ya mtoto kama yalivyo maziwa.

SEHEMU YA 5: Kabla hujapanda ndege, na ukishafika

Siandiki hapa kumtibu mtu. Dozi utapewa na daktari aliyempima mtoto uzito. Ila hivi ndivyo ningemwambia mdogo wangu ningepewa usiku ule tena.

Moja. Nenda kliniki ya wasafiri mapema, wiki sita au nane kabla. Usiseme tu "naenda kusalimia". Sema unaenda kukaa miezi, kijijini, msimu wa mvua, na mtoto. Dawa za kinga zipo za watoto, zinapimwa kwa kilo. Nyingine zinaanza siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki kadhaa, na zote zinaendelea baada ya kurudi. Kuacha ukitua uwanja wa ndege ni kosa.

Mbili. Kadi ya chanjo. Ratiba hazifanani. Huku mtoto anachomwa BCG akizaliwa, na surua-rubela anapata miezi 9 na 18. Ujerumani BCG iliachwa tangu 1998, na surua wanaanza miezi 11. Mama yetu alimgeuza mjukuu begani akauliza, "Alama yake iko wapi?" Bibi asiyejua kusoma aliona kitu ambacho mimi sikukiuliza. Muulize daktari kuhusu BCG kabla ya safari. Na ndani ya nyumba mnayofikia, kama kuna mtu anakohoa zaidi ya wiki mbili, apimwe kifua kikuu kwanza, awe babu, awe nani. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Tatu. Kama ndege inapitia nchi yenye homa ya manjano na mtakaa hapo muda mrefu, ulizia cheti mapema. Chanjo yake kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9.

Nne. Chandarua chenye dawa, cha mtoto peke yake, kilichochomekwa chini ya godoro. Bibi akitaka kulala na mjukuu, bibi aingie ndani ya chandarua. Siyo mjukuu atoke.

Tano. Homa yoyote ni kipimo, siku hiyo hiyo. Awe na mafua, awe anaota meno, awe amecheza juani, kapime. Zahanati nyingi zina kipimo cha haraka, majibu ni ndani ya dakika ishirini hivi. Homa kushuka kwa parasetamo haina maana kwamba hakuna malaria. Mimi nilidanganywa na chapati.

Sita. Degedege likitokea: mlaze mtoto ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie chochote mdomoni. Siyo kijiko, siyo dawa, siyo maji. Halafu hospitali. Kufukiza kunakula muda, na muda ndio dawa yenyewe.

Saba. Kuhara: nunua ORS na zinki siku ya kwanza ya kufika, viwe ndani. Maji ya mtoto yachemshwe. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Nane. Akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama mbwa ni wa shangazi.

Tisa. Kama wewe ni mjamzito, fikiri mara mbili, ongea na daktari kwanza. Malaria kwa mjamzito ambaye kinga yake imepungua ni hatari kwa wawili.

Kumi. Ukisharudi Ulaya au Marekani, mtoto akipata homa ndani ya miezi inayofuata, hata mwaka mzima, neno la kwanza kwa daktari liwe "tumetoka Tanzania". Kule wanaweza kufikiria mafua siku tatu nzima, kama mimi.

SEHEMU YA 6: Kilo ngapi?

Nimalizie na hili, halafu niende kulala, nina zamu.

Mtoto alitoka hospitali baada ya siku sita. Nilidhani mdogo wangu atafunga virago. Alikaa wiki moja nyumbani, akaanza dawa za kinga, kisha akarudi kwa wale wanawake wake wa korosho, safari hii mimi na likizo yangu tukimwangalia mtoto.

Anasema kabla ya hapo wale kina mama walimjibu vizuri, lakini kama wanavyomjibu mtu wa ofisini. Kulikuwa na swali kwenye dodoso: "Msimu uliopita uliuza kilo ngapi?" Walitaja namba, yeye akaandika. Aliporudi, kila nyumba walimuuliza kwanza, "Mtoto anaendeleaje?" Habari ilishafika. Na mama mmoja, alipoulizwa lile swali la kilo, akasema: "Mwaka jana niliuza kidogo. Mwenzio nililazwa na mtoto wakati wa palizi, malaria kama ya wako. Nilipotoka shamba lilikuwa pori." Mwingine akasema vile vile. Na mwingine.

Mdogo wangu akaongeza swali ambalo halikuwemo: msimu uliopita ulikaa wodini siku ngapi na mtoto? Ananiambia hilo swali ndilo sasa limebeba sura nzima ya kazi yake. Mimi sikusomea hayo, ila nalielewa vizuri. Wale akina mama wa palizi ndio wale wale ninaowaona wamelala chini ya vitanda vya watoto wao, na sijawahi kuwauliza shamba linasemaje.

Siwezi kusema ni heri mtoto aliugua. Hakuna utafiti unaofaa damu 4.6. Hayo angeweza kuyajua kwa kuuliza tu, na mtoto akabaki salama ndani ya chandarua chake.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaorudi: karibuni. Tunawahitaji, maswali yetu wenyewe tuulizane wenyewe. Njooni na watoto, bibi zao wanazeeka. Lakini mkishuka kwenye ndege kumbukeni kwamba wewe umerudi, mwanao ndiyo kwanza anafika. Mpokee kama mgeni: mpe chandarua, mpe dawa, ulizia amelalaje.

Na kwenu ndugu mnaowapokea, hasa manesi wa ukoo kama mimi, tunaopigiwa simu usiku na kila mtu. Lile neno "atazoea" mi nimelifuta. Siku hizi nikipigiwa nasema neno moja tu: kapime.

Mwenye mtu wake aliye nje anayejiandaa kuja, mtumie hii. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu asubuhi.